Lantana hainyolewi, inang'olewa: mwongozo wa anayetaka kujitolea kusafisha msitu

Jumamosi yangu ya kwanza kwenye msitu wa Karura, hapa Nairobi, nilifika na panga jipya, bado lina ile karatasi ya dukani kwenye makali, na nguvu zote za mtu ambaye wiki nzima amekaa ofisini. Nikaonyeshwa kichaka cha lantana kikubwa kama kibanda cha mama mboga, nikakivamia nusu saa hivi, matawi yakaruka huku na huku, shati likalowa, mwishowe nikasimama kando mikono kiunoni nikijiona mwanaume kweli kweli. Mama mmoja wa kijiji cha Huruma, hapo ukutani kwa msitu, ambaye hii kazi ameifanya miaka mingi, akapita akaangalia vile visiki nimeacha. Akacheka kidogo tu. "Kijana, hapo umenyoa. Hujang'oa."

Siku hiyo sikumwelewa. Nilimwelewa mvua ilipopiga nikarudi palepale, nikakuta kila kisiki kimetoa machipukizi sita, saba, mengine nane, kichaka kimekuwa kinene kuliko nilivyokikuta. Yaani nilikuwa nimeipogoa lantana vizuri kama mtu wa bustani. Kwa hivyo haya yote naandika chini yanatoka kwa hilo neno la mama yule, na ukichoka kusoma katikati bado shika hilo moja, kunyoa na kung'oa ni kazi mbili tofauti.

Kwanza elewa unapigana na nini

Lantana si ya huku. Kwao ni Amerika ya kitropiki, Wazungu wakaipenda kwa maua yake wakaizungusha dunia kama ua la bustani na la kuzungushia boma, ikafika kwetu ikakuta hali ya hewa tamu na wale wadudu wa kwao waliokuwa wanaisumbua wamebaki ng'ambo. Ndege anakula tunda, anaruka, anatua juu ya mti, anajisaidia, na hapo mbegu imeshapandwa pamoja na mbolea yake. Kichaka kimoja kinaweza kuzaa matunda hadi 12,000 kwa mwaka. IUCN, wale wa uhifadhi wa kimataifa, wameiweka kwenye orodha yao ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na ukishawahi kuvutana nayo saa mbili hutauliza kwa nini.

Karura ina hekta 1,041 na watu wengi wakiona kijani wanadhani yote ni msitu wa tangu zamani. Sehemu kubwa ilipandwa miti ya kigeni enzi za mkoloni, mikaratusi hasa, manake garimoshi lilitaka kuni. Sasa mikaratusi ikikatwa ili miti ya kiasili irudi, jua linaingia mpaka chini, na anayefika wa kwanza kwenye jua ni lantana. Inatanda, inafunga, mche wa muhugu au mukinduri hauwezi kupenya, na majani yake yakioza yanaachia kemikali zinazozuia mbegu za wengine kuota vizuri. Ng'ombe akiila ngozi inaanza kuungua na jua na ini linaharibika, kwa hivyo hata wewe wa kijijini mwenye ng'ombe wawili hii habari inakuhusu.

Halafu kuna hii, na mimi huikumbuka kila nikipita geti. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda miti huko Karura wakati watu walikuwa wamegawiana ule msitu wajenge, wakapigwa na walinzi, yeye akajeruhiwa kichwani. Wenye kutaka kujenga walizuiwa mwishowe. Lantana nayo haisomi magazeti wala haiendi kortini, inaendelea kunyakua mita moja moja kila mvua.

Usiingie msituni peke yako na panga

Najua mtu atasoma hii Ijumaa usiku na Jumamosi asubuhi ako na panga begani. Tulia. Kukata kitu chochote kwenye msitu wa serikali bila ruhusa ni kosa, sheria ya misitu ya 2016 iko wazi, na skauti anayelinda msitu akikukuta ndani na panga hawezi kujua kama wewe ni mpenda mazingira ama ni wa kuchoma makaa. Njia ni kupitia kikundi. Karura kuna Friends of Karura Forest, ni chama cha jamii kilichoanza 2009 na kinashirikiana na KFS, shirika la serikali linalosimamia misitu. Misitu mingi ya Kenya ina chama cha jamii kama hicho, watu wa huko wanakiita CFA, ukifika ofisi ya msitu uliza tu CFA ni nani utaonyeshwa. Kama uko upande mwingine wa Nairobi kuna Arboretum, kuna City Park, kuna msitu wa Ngong Road, kote huko lantana imejaa, hutakosa kazi.

Ukipata kikundi uliza maswali mawili kabla hujajiandikisha. Leo tunang'oa mmea gani, na baada ya hapa nani atarudi lini. Hili la pili ndilo linakuonyesha kama watu wako serious ama wako kwa picha. Kusema ukweli mimi nimeshachoka na zile siku za kupanda miti ambapo watu mia mbili wanakuja na tisheti zinafanana, kila mtu anashika mche anapigwa picha, kufika saa sita basi limeondoka, miezi sita baadaye miche imefunikwa na lantana mpaka huoni kama iliwahi kupandwa. Siku ya kung'oa tunakuja watu kumi na wawili. Lakini mche mmoja uliopaliliwa ni bora kuliko hamsini iliyoachwa hapo kama watoto yatima, na kama kikundi chako kinapanda bila kupalilia, waambie, taratibu, lakini waambie.

Mavazi, manake hapa ndipo watu huumia

Suruali nzito, jinzi ya zamani ni sawa. Shati la mikono mirefu. Glavu za ngozi, si zile za kuoshea vyombo, shina la lantana lina miiba midogo iliyojipinda kama kucha za paka, unaweza usiione mpaka umefika nyumbani unaoga na mkono wote unawasha moto. Gambuti au viatu vya kufunika kifundo. Kofia, maji lita moja na nusu angalau, na kitu cha kula.

Suruali ichomeke ndani ya soksi. Utaonekana mshamba, sawa, lakini siafu hawaangalii fashoni. Msimu wa mvua siafu wa Karura wanatembea mistari mirefu na wewe umeangalia mzizi, hujaangalia mguu, na unaweza usiwahisi mpaka wameshapanda juu, halafu unang'atwa kila mahali kama wamepigiwa filimbi. Jamaa mmoja wa kikundi chetu, mtu mzima wa tai na suti siku za kazi, alivua suruali mbele ya shemeji yake. Hawajaongelea hiyo siku mpaka leo.

Pia kuna mmea wa thabai, ukiugusa unawasha kama umepigwa na stima ndogo, ujue sura yake mapema. Usijipake manukato, nyuki wako. Usiweke chakula chini ukakiacha, kima watakishukuru. Na ukifika nyumbani jikague kupe, nyuma ya goti, kwapani, kiunoni hapo mshipi unakaa.

Jua unachong'oa

Lantana: majani yametokea mawili mawili yakitazamana, ukiyapitisha kidole ni kama msasa, pembeni yana meno meno. Shina lina pembe nne, ukilizungusha kwenye vidole unazihisi. Ponda jani unuse, harufu ni kali ya ajabu ajabu, ukishainusa mara moja utaijua hata usiku. Maua ni kishada kidogo cha rangi mbili tatu pamoja, katikati manjano, pembeni yamegeuka ya waridi au ya machungwa. Matunda yanaanza kijani yanakuwa meusi yanang'aa. Sisi tulikula yale meusi tukiwa watoto, sijui ilikuwaje hatukufa, yale ya kijani ni sumu na usimwachie mtoto.

Ya pili utakayokutana nayo ni cestrum, watu wengi hawana jina lake, wanasema tu ile ya maua ya machungwa. Maua yake ni virija virefu vya rangi ya machungwa, matunda ni meupe, majani hayatazamani, yanapishana, na ukiyaponda yananuka vibaya. Nayo ni sumu kwa ng'ombe, nayo ikikatwa inachipuka. Ya tatu ni ule mti unafanana na mtoto wa mbilingani aliyekua akapita kiasi, majani makubwa ya kijivu yenye manyoya laini kama blanketi, maua ya zambarau, matunda ya manjano kwenye vishada. Kitaalamu ni Solanum mauritianum. Mdogo unang'oka kirahisi, lakini yale manyoya yakipeperuka yanakuingia kooni unakohoa siku nzima, kwa hivyo huu ung'oe asubuhi bado kuna umande, au funga kitambaa mdomoni.

Sasa makosa. Mwezi wangu wa pili niling'oa miche mitatu ya mukinduri. Nilikuwa nimeshika kasi, unajua ile hali mkono unafanya kazi na akili imeenda zake, nikaona kitu kidogo cha kijani katikati ya lantana changa nikavuta, nikavuta, nikavuta. Kijana wa nasari ya miche akaiokota, akageuza jani juu chini akanionyesha. Mukinduri upande wa chini wa jani ni kama umepakwa fedha, unang'aa hivi. Lantana haina hiyo. Tangu siku hiyo sheria yangu ni geuza jani kwanza, na kama huna uhakika acha. Mche wa lantana uliouacha leo utaung'oa wiki ijayo, lakini mche wa muhugu uliong'oa haurudi, na muhugu unakua polepole sana, huo unaokanyaga unaweza kuwa na miaka kadhaa na bado haujafika gotini.

Kama kikundi chenu kina watu wageni, mwenye uzoefu apite mbele afunge utepe kwenye kila mche wa kiasili kabla watu hawajaingia. Vipande vya kitambaa chekundu vinatosha. Ni dakika ishirini tu, na vinaokoa machozi.

Kung'oa kwenyewe

Vifaa vya maana ni vitatu. Panga la kupunguza matawi. Mtaimbo. Na jembe la meno, hili ndilo mfalme, jembe la kawaida linakata mzizi wakati wewe unataka kuunyanyua mzima. Slasha wacha nyumbani, slasha ni ya kunyoa.

Siku nzuri ni baada ya mvua, udongo umelainika lakini si tope. Kwetu hiyo ni Aprili na Mei, halafu tena Novemba. Udongo mwekundu wa Nairobi ukikauka ni tofali, utavunja mpini na mgongo na lantana bado imekukalia kimya.

Anza kwa kupunguza. Kata matawi mpaka ubakize fimbo ya urefu wa kama mkono wako toka kiwiko, usikate chini kabisa, manake hiyo fimbo ndiyo mshikio wako. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanakata hadi chini halafu wanabaki wanakuna udongo kutafuta pa kushika. Ukishakuwa na mshikio piga magoti, ondoa majani makavu kwa mkono uone shina linaingilia wapi ardhini. Hapo chini kidogo ya udongo kuna kifundo, kama ngumi ya mtoto au kubwa zaidi, ndipo mashina yote yanatokea. Mama Huruma anakiita kichwa. Hicho kichwa ndicho lantana yenyewe. Mizizi myembamba iliyotawanyika ikikatika ikabaki si neno, lakini kichwa kikibaki hata nusu umefanya kazi ya bure.

Piga jembe la meno upande mmoja wa kichwa, kama shubiri moja pembeni, zamisha, nyanyua kidogo, usilazimishe. Zunguka upande wa pili, fanya hivyo hivyo. Utasikia mizizi inakatika, tk, tk. Sasa shika ile fimbo kwa mikono miwili chini kabisa, piga magoti, mgongo unyooke, vuta kwa miguu, si kwa kiuno. Ikigoma usishindane nayo, rudisha jembe upande wa tatu. Ikitoka kung'uta udongo kwenye shimo ulikotoka, usiubebe, huo udongo ni wa msitu. Rudishia, kanyaga kidogo, funika na majani makavu. Ardhi ikibaki wazi inaalika mbegu za lantana ziote, zinapenda mwanga na udongo uliochokonolewa, na ziko hapo chini maelfu zimelala zinangoja mtu kama wewe.

Vichaka vikubwa vya zamani, vile shina lake ni nene kama mkono wa mtu, ni kazi ya watu wawili na mtaimbo. Usijaribu peke yako eti uonyeshe nguvu. Kichaka kimoja cha hivyo kinaweza kula saa nzima na ni sawa, hakuna mashindano ya kuhesabu. Mimi nikimaliza viwili vikubwa kwa asubuhi moja naenda nyumbani nimeridhika.

Kabla hujaingiza panga popote piga kichaka kwa fimbo ndefu, ngoja, sikiliza. Nyoka atakuachia nafasi ukimpa dakika. Ukiona kiota chenye mayai au makinda, acha kichaka hicho, weka alama, rudi baadaye.

Pa kuanzia, na kwa nini usisafishe kila kitu

Hili mtu anaona ni uvivu lakini ni akili. Usianze pale lantana imejaa zaidi. Anza pale msitu bado ni mzuri na lantana ni moja moja, zile za pembeni, za kutangulia. Hapo miti ya kiasili iko tayari, ukitoa lantana wenyewe wanajaza pengo. Halafu unasogea polepole kuelekea kule kwenye balaa. Ukianzia kwenye balaa utatoa jasho mwezi mzima na huku nyuma yako zile za kutangulia zimekuwa vichaka.

Na usifyeke eneo kubwa lote kwa siku moja hata mkiwa wengi. Paa wadogo wa Karura, suni na funo, wanajificha humo humo kwenye lantana, manake ndio kichaka kilichobaki. Ukiwavua nguo ghafla wataenda wapi? Toa mstari, acha mstari, panda ya kiasili ulipotoa, ikishika ndio unarudia mstari uliobaki. Kwenye mteremko karibu na kijito ndio uwe mpole zaidi, mzizi ukitoka wote kwa pamoja mvua moja inabeba udongo mpaka mtoni.

Takataka

Shina la lantana likilala kwenye udongo wenye unyevu linaweza kutoa mizizi upya, nimeona kwa macho yangu fimbo niliyoitupa ikiwa na majani ya kijani kama haijui imekufa. Kwa hivyo unarundika pamoja, sehemu moja, juu ya magogo au mawe kama yapo, mizizi ikiangalia juu ikauke. Matawi yenye matunda tenganisha, haya weka kwenye gunia, wanaosimamia watakuambia yanapelekwa wapi. Usiburute tawi lenye matunda njia nzima ya msitu, hapo unapanda huku unatembea. Moto usiwashe, hata kidogo, hata kama kijijini kwenu ndivyo mnafanya. India kuna mafundi wanaitumia lantana kutengeneza viti, hata sanamu za tembo wakubwa kama tembo wa kweli. Huku kwetu sijaona fundi ameichangamkia, kama wewe ni fundi hii biashara nimekupa bure.

Kuhusu dawa. Kila mara kuna mtu anauliza kwa nini tusipulize tu. Wewe wa kujitolea hupulizi, basi. Kuna msitu, kuna kijito, kuna nyuki, na hiyo ni kazi ya waliofunzwa wakiwa na ruhusa. Na njia za mkato zina historia yake. Miaka ya 1960 Uganda walileta mdudu wa kula lantana, wazo zuri, mdudu akafika akala lantana, halafu akaingia kwenye mashamba ya simsim. Baringo nako mti wa mathenge ulipandwa kama msaada wa kuzuia jangwa na kupata kuni, ukageuka msitu wa miiba, mpaka wenyeji wakaenda kortini Nairobi na mbuzi asiye na meno aliyeharibiwa na yale maganda matamu. Ndio maana tunarudi kwa jembe.

Ukiwa Tanzania upande wa Arusha

Huko shida kubwa ni gugu karoti, lilionekana Arusha 2010 na linapenda kando ya barabara likiingia taratibu kwenye mashamba na malisho. Majani kama ya karoti kweli, maua meupe madogo madogo. Hili tabia yake ni tofauti kabisa na lantana, kung'oa ni rahisi, hata mtoto anaweza, ila mtoto asiguse, manake linawasha ngozi na wenye pumu linawakaba. Glavu, mikono mirefu, kitambaa mdomoni, na ling'oe kabla halijatoa maua. Likishachanua kila ukivuta unamwaga mbegu. Nguo ulizovaa zifue peke yake.

Baadaye

Safisha gambuti na meno ya jembe kabla hujatoka msituni, palepale, kwa brashi au kijiti. Mbegu inasafiri kwenye tope la kiatu vizuri tu, na haina maana utoe lantana Karura uipeleke kwenye bustani ya nyumbani kwenu Ruaka.

Halafu andika tarehe. Piga picha sehemu uliyosafisha, weka kumbusho kwenye simu, rudi baada ya wiki sita hadi nane mvua ikiwa imenyesha. Utakuta zulia la miche ya lantana, mingi kuliko ulivyotarajia, na moyo utakata kidogo. Usikate. Hiyo ni ile mbegu iliyokuwa imelala, na ikiwa ya urefu wa kidole inatoka kwa vidole viwili bila hata jembe, ni kama kuchambua sukuma. Hii ndiyo kazi wazee na watoto wanaweza kufanya wakiwa wamekaa kwenye gunia wanapiga stori. Rudi tena baada ya miezi mitatu, tena baada ya miezi sita. Mwaka wa pili inapungua sana. Mwaka wa tatu, kama mlipanda miti ya kiasili na ikaanza kutoa kivuli, kivuli kinafanya sehemu kubwa ya kazi, lantana inapenda jua.

Kile kichaka changu cha kwanza nilikirudia vizuri, kichwa kwa kichwa, ilichukua Jumamosi nne. Sasa hivi kuna mikinduri mitano hapo, mmoja umenipita urefu, na mara ya mwisho nilihesabu miche ya lantana kumi na nne tu kwenye eneo lote. Mama alipita. Hakusema kitu, akaangalia chini, akageuza geuza majani makavu kwa mguu akitafuta visiki, akaenda zake. Nilifurahi wiki nzima.

Ukija Jumamosi fika mapema, na ukifika usiende kwenye chai kwanza, nenda ukachukue jembe la meno. Yako mawili tu na moja huwa nalichukua mimi.